Nani Analala Kwenye Omo

Katikati ya mwaka 2023 picha moja ya meli ilizunguka kwenye simu zetu. Meli yenyewe ilikuwa bado kiwandani, Turku, Finland, na picha ilichorwa kwa kompyuta: Icon of the Seas ikionekana kutoka tezini, sitaha zake zimejaa mabwawa ya kuogelea na mirija ya kuteleza yenye rangi za peremende, vyumba vimepangwa juu kwa juu kama masanduku ya viatu dukani. Kundi letu la WhatsApp lilicheka siku nzima. Mmoja alisema ni keki ya harusi iliyogongwa na lori la midoli. Mwingine aliuliza bahari iko wapi katika picha hiyo. Nami nilicheka, halafu nikatafuta picha za upande wa mbele, kwa sababu mtu aliyekulia Mombasa hukitazama chombo kuanzia omo.

Upande wa mbele nilikuta meli nyingine. Omo limesimama karibu wima, halina madaha, linaingia majini kama kisu cha mkate. Hakuna peremende huku. Aliyelichora omo hili na aliyeichora ile mirija walifanya kazi katika mwili mmoja, lakini sidhani kama waliwahi kula chakula cha mchana pamoja.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma meli za kitalii kama ninavyosoma vitabu, na nimefikia maoni ambayo huenda yakawaudhi wanaoandika juu ya mapambo, migahawa na mashuka ya meli hizi. Usanifu wenye akili uko chini, pale mwili wa meli unapokutana na maji. Huko ndiko kulikobadilika sana katika miaka hii 20. Juu kumeongezeka tu.

Sijawahi kupanda hata moja. Nimeziona kutoka Mama Ngina, nikiwa na mfuko wa mihogo ya kukaanga mkononi, zikipita mlango wa Likoni kuingia Kilindini. Zinazofika kwetu ni za wastani; jitu kama Icon limewekwa Karibi. Ninachokijua cha ndani nimekipata kwa binamu yangu, ambaye ameosha sufuria, na baadaye kukata mboga, katika meli mbili za kampuni ambayo sitaitaja.

Mwezi wa Novemba, meli yake ya kwanza ilipokuwa ikivuka Atlantiki kuhamia Karibi kwa msimu wa baridi, alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, sikiza hii." Kikafuata kimya, halafu bum, halafu kimya, halafu bum nyingine, kama mtu anayesukuma mlango wa mabati kwa bega. Chumba chake kilikuwa cha watu wawili, kitanda juu ya kitanda, chini ya usawa wa maji, karibu na omo. "Twalala ndani ya ngoma," alisema. Sitaha kumi na kitu juu yake watu walikuwa wamelala na milango ya roshani wazi. Labda glasi zao zilitikisika kidogo.

Mlio ule una maelezo ya kihandisi. Meli nyingi za kitalii za kizazi kilichopita zina omo linalopanuka kadiri linavyopanda, kama ua linalochanua. Kupanuka huko hurusha maji pembeni, hutoa nafasi kubwa zaidi ya sitaha mbele, na, tuseme ukweli, hupendeza kwenye kadi ya posta. Lakini meli inapoinamisha kichwa kwenye wimbi, ule upana hupiga maji kama kiganja kinachopiga meza. Chuma chote hutetemeka. Anayelala karibu zaidi na kiganja husikia zaidi.

Na kwa nini alale hapo? Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka vyumba vya kulala vya mabaharia katika meli zisizo za abiria viwe juu ya mstari wa upakizi, katikati au nyuma ya meli. Kwa meli za abiria unaruhusu mamlaka husika zikubali vyumba hivyo viwe chini ya mstari huo, mradi taa na hewa viwe vya kuridhisha. Nilipousoma mara ya kwanza nilirudia kifungu hicho mara tatu. Baharia wa meli ya saruji analindwa asilale pale anapolala mpishi wa meli ya starehe, kwa sababu mahali penye dirisha pana bei.

Sasa turudi kwenye umbo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wahandisi waliipigania nundu. Mmarekani David Taylor aliitia chini ya omo la manowari USS Delaware, iliyoanza kazi mwaka 1910, na mwaka 1935 meli ya Kifaransa Normandie ikaifanya kuwa sanaa. Aliyeuchora mwili wa Normandie alikuwa Vladimir Yourkevitch, mhandisi wa manowari za tsari aliyekimbia Urusi. Nundu ile, iliyofichwa chini ya omo la kifahari lililopinda, hutengeneza wimbi lake lenyewe, na wimbi hilo hukutana na wimbi la omo na kulifuta. Normandie iliweza kushindana na Queen Mary kwa injini zenye nguvu ndogo zaidi. Nikitazama picha zake bado naona meli ambayo juu na chini zilichorwa na watu waliosikilizana.

Lakini nundu ni kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu mmoja. Hufanya kazi vizuri kwa mwendo fulani na kina fulani. Meli ikienda polepole zaidi ya ilivyokusudiwa, nundu inageuka mzigo wa kusukuma. Na meli za kitalii zimepunguza haraka, kwa kuwa mafuta ni ghali na hakuna anayewahi popote. Kazi nzima ya safari ni kurudi pale mlipotoka. Mwendo ukipungua kidogo, nguvu inayohitajika hupungua sana. Hapo ndipo omo la wima liliporudi mezani. Kwa urefu uleule wa meli, omo lililosimama hurefusha ile sehemu inayokaa majini, na mwili mrefu zaidi majini huzaa mawimbi madogo zaidi kwa mwendo uleule. Wimbi ambalo meli haikulizaa ni mafuta ambayo haikuyachoma.

Wanaliita jipya. Mauretania ilikuwa nalo. Titanic ilikuwa nalo. Majahazi ya Lamu yanajulikana kwalo, na mafundi wake huunda kwa jicho na mkono, bila ramani. Sisemi haya ili tujidai tuliwatangulia Wafini; jahazi lilikuwa na sababu zake na meli ya tani 200,000 ina zake. Nasema tu kwamba umbo likitoka kwenye maji huwa halina umri. Mwingereza William Froude alilijua hilo. Katika miaka ya 1860 alitengeneza vielelezo viwili vidogo vya meli, kimoja chembamba na chenye ncha akakiita Kunguru, kingine butu, akakiita Bata Maji, jina la yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Wasomi wa wakati wake waliamini ncha kali hushinda daima. Kwenye mwendo wa juu kile butu ndicho kilichotangulia. Baadaye alijenga hodhi la majaribio huko Torquay, na kila mwili wa meli unaochorwa leo bado unapimwa kwa kanuni zake. Alifia Simon's Town, Afrika Kusini, mwaka 1879, akiwa mapumzikoni, na akazikwa hukohuko.

Umbo lililonifanya nianze kuandika makala hii, hata hivyo, si la Icon. Ni lile la kampuni ya Ulstein, Norway, lililotangazwa mwaka 2005 kwa jina la X-Bow. Omo hili halisimami tu, linarudi nyuma. Kadiri linavyopanda ndivyo linavyoegemea meli, na mbele yote inafunikwa kwa chuma hadi juu kabisa. Mara ya kwanza nililiona baya: kama pasi ya mkaa iliyopinduliwa. Meli ya kwanza kulibeba, Bourbon Orca ya mwaka 2006, haikuwa ya starehe. Ilikuwa meli ya kuvuta nanga na kuhudumia mitambo ya mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini. Meli za aina hiyo huacha sehemu ya nyuma tupu kwa ajili ya mizigo, kwa hiyo watu hukaa mbele. Wanalala kwenye omo.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona zuri. Omo lisilo na upana wa kupiga halina kiganja. Linaingia kwenye wimbi taratibu, linalipasua, linainuka taratibu. Vishindo vinapungua, mwendo unapotea kidogo zaidi kwenye bahari chafu, na mtu aliyetoka zamu ya saa 12 anapata usingizi. Sijui maumbo mengi ya viwandani yaliyochorwa yakimfikiria mtu aliyechoka. Ukilijua hilo, ile pasi ya mkaa huwezi tena kuicheka.

Mwaka 2019 omo hilo likahamia kwenye utalii. Greg Mortimer, iliyojengwa Haimen, China, na kupewa jina la mpanda milima wa Australia, ilikuwa meli ya kwanza ya abiria kulivaa. Kazi yake ni kwenda Antaktika, kuvuka mlango wa Drake ambako mawimbi hayana adabu, ikiwa na wageni wasiozidi mia moja na kitu wanaolipa pesa ambazo mimi huziona kwenye matangazo ya viwanja tu. Nina kinyongo kidogo na hadithi hii. Umbo lililozaliwa ili mvuta nanga alale, sasa linauzwa kama kinga ya kichefuchefu kwa matajiri wanaokwenda kutazama barafu inayoyeyuka. Lakini nikiwa mwadilifu lazima niseme pia kwamba wimbi halimjui tajiri. Omo likitulia kwa mgeni, linatulia pia kwa aliye jikoni. Ni mara chache anasa ya meli humfikia aliye chini bila yeye kuiomba.

Kwenye meli kubwa mambo ni magumu zaidi kuyahukumu. AIDAprima, iliyokabidhiwa mwaka 2016 kutoka Nagasaki, ilikuja na omo la wima na zulia la viputo: pampu zinasukuma hewa chini ya tumbo la meli ili chuma kiteleze juu ya mapovu badala ya kukwaruzana na maji. Celebrity Edge ya mwaka 2018, kutoka Saint-Nazaire, Ufaransa, nayo ina omo lililonyooka, na ubavuni ina jukwaa la rangi ya chungwa linalopanda na kushuka kama lifti, lililobuniwa na Tom Wright, msanifu wa Burj Al Arab. Jukwaa lile nalipenda kuliko nilivyotegemea. Angalau linamtoa mtu nje na kumsogeza karibu na maji. MSC World Europa ya mwaka 2022 imepasuliwa tezini kama herufi Y, ikaacha uchochoro wa wazi wenye urefu wa mita 104, na vyumba vinavyotazama uchochoro. Hapo nilisita. Ni kazi ngumu ya uhandisi, imefanywa vizuri, na matokeo yake ni kwamba mtu analipa nauli ya bahari ili atazame roshani ya jirani. Ukitaka hivyo, Buxtoni ipo.

Icon ndiyo kilele cha yote haya. Urefu wake ni kama mita 365, ujazo wake ni zaidi ya mara tano ya ule wa Titanic, ina sitaha 20, na ikijaa huchukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350. Ilianza safari kutoka Miami Januari 2024. Omo lake ni la akili. Viputo inavyo. Inachoma gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, ambayo moshi wake ni safi kuliko wa mafuta mazito, isipokuwa kwamba sehemu ya gesi hupita kwenye injini bila kuungua na kutoka kama methani, na methani katika miaka 20 ya mwanzo hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Tatizo langu na Icon si kwamba ni kubwa. Ni kwamba kila kilichookolewa chini kimetumiwa juu. Mwili ukipata wepesi, kampuni haifanyi safari kuwa nyepesi. Inaongeza bwawa la saba. Mchumi William Stanley Jevons aliona jambo hilihili kwenye makaa ya mawe mwaka 1865: mashine ilipojifunza kutumia makaa machache, Uingereza ilichoma makaa mengi zaidi. Wahandisi wa Turku wamefanya kazi ambayo ningejivunia, kisha kazi hiyo imefanywa msingi wa maporomoko ya maji ya plastiki. Mhakiki anayesema meli hii ni mbaya tu hakuitazama vizuri. Mimi naona kitabu kilichohaririwa kwa umakini mkubwa, halafu mchapishaji akakitia jalada la mtu mwingine.

Mtu ataniuliza: basi mbona wasibadilishe mwili wenyewe kabisa? Walijaribu. Mwaka 1992, kutoka Rauma, Finland, ilitoka Radisson Diamond, meli ya kitalii ya miili miwili. Chini ya maji ilikuwa na mitungi miwili mirefu kama nyambizi, na juu yake kuta nyembamba zilizobeba hoteli. Wazo lilikuwa sahihi kwenye karatasi: mawimbi yako juu, mitungi iko chini yake, kwa hiyo meli haiyumbi. Aliyewahi kukaa kwenye ngalawa anaelewa raha ya kuwa na egemeo pande mbili. Ilikuwa na upana wa mita 32 na urefu wa mita 131 tu, mraba mraba kama meza, na ilikwenda kama maili 12 za bahari kwa saa, polepole mno hata kwa watu wasio na haraka. Ilibeba abiria wapatao 350. Hakuna aliyejenga ya pili. Baadaye iliuzwa, ikaenda kuwa kasino inayoelea Hong Kong. Ninaipenda kwa namna mtu anavyopenda riwaya ya kwanza iliyoshindwa: walau ilianza na swali la bahari, hesabu ya vyumba ikaja baadaye.

Na kuna swali la bahari linalorudi sasa kupitia upepo. Hurtigruten ya Norway ilitangaza mwaka 2023 mradi wa Sea Zero: meli ya abiria 500 yenye betri za megawati-saa 60 na matanga yanayochomoza na kujikunja, ikitarajiwa kufikia mwaka 2030. Saint-Nazaire nako wameunda Orient Express Corinthian, mita 220, milingoti mitatu, kila mmoja na tanga gumu la mita za mraba 1,500. Matanga yanaudai mwili wa meli mambo ambayo viputo havidai. Upepo wa ubavuni hulaza meli, kwa hiyo mkuku unakuwa na kazi tena, na uzito hauwezi kurundikwa juu ovyo. Huwezi kuweka milingoti juu ya bustani ya maji yenye sitaha 20. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, chini kungemwambia juu akome. Ila Corinthian ina vyumba 54 tu vya kifahari katika mita 220. Yaani hatima mbili zinazoandaliwa ni hizi: mji mzima unaochoma gesi Karibi, au matanga kwa watu mia moja. Meli ya kati, yenye mwili wa kisasa, tanga, na bei ya mwalimu wa shule, sijaiona hata kwenye picha ya kompyuta.

Wala sijaona mchoro wowote wa siku zijazo unaoonyesha vyumba vya wafanyakazi. Nimepitia michoro mingi, ya kampuni na ya wanafunzi. Huonyesha bustani, matanga, mwanamke mwenye kofia pana akiwa na glasi. Kwenye michoro ya mkato, ile inayoonyesha meli kama keki iliyokatwa, sehemu ya chini ya mbele huwa imepakwa rangi ya kijivu.

Binamu yangu alihamishiwa meli mpya zaidi mwaka jana, yenye omo la wima. Nilimsumbua kwa maswali kama mwandishi anavyosumbua ndugu zake. Alikuwa na zamu mbili mfululizo, akanijibu siku ya tatu, kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Nilisikia kiyoyozi. Nilisikia mwenzake akikoroma. Nilingoja bum, haikuja.

"Waskia?" akasema mwishoni, kwa kunong'ona. "Hakuna kitu, dada. Bahari chafu na hakuna kitu. Nalala kama mtoto."

Nikamuuliza kama safari hii amepata dirisha. Akanitumia picha ya ukuta wa chuma uliopakwa rangi ya maziwa, na juu yake, kwa gundi ya karatasi, amebandika kalenda ya duka la vipuri la Mwembe Tayari.